Maji ya Mshipa

Hapa kwetu Puge watu hupima ukubwa wa ugonjwa kwa chupa. Mgonjwa aliyepewa vidonge aliumwa kidogo. Aliyechomwa sindano aliumwa. Lakini aliyewekewa dripu aliumwa kwelikweli, na ndugu zake watasimulia kisimani na gengeni idadi ya chupa alizomaliza. "Mzee alimaliza chupa nne," husema, kwa sauti ileile ambayo pengine babu zao walihesabia mizigo ya pembe na majora ya kitambaa. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani, na sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba nimeona vema kuandika habari za chupa yenyewe: imetoka wapi, imeponya nani, na kwa nini mara nyingine imeua.

Puge ipo kama nusu ya njia kati ya Tabora na Nzega. Anayepita leo kwa basi juu ya lami haoni taabu yoyote, bali katika karne ya 19 nchi hii yote ilitembewa kwa miguu. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa safari ya miezi, na kutoka Tabora njia ziligawanyika: moja ikaenda Ujiji, nyingine ikaelekea kaskazini kwenye ziwa. Ndiyo njia ya kaskazini aliyoishika Speke mwezi Julai 1858, akafika Mwanza mwanzoni mwa Agosti. Waliobeba mizigo walikuwa wazee wetu, Wanyamwezi. Ukisoma habari za misafara utaona kwamba hofu ya vita ilikuja na kuondoka, lakini hofu ya maji haikuondoka hata siku moja. Lile pori lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi lilipewa jina la Mgunda Mkali, na ukali wake ulikuwa kiu. Vituo vya kulala vilichaguliwa kwa visima. Mpagazi aliyeanza kuhara katikati ya pori kama lile alikuwa na siku chache tu, wakati mwingine saa chache.

Kwa nini saa chache? Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana bila hesabu hii yote yanayofuata hayaeleweki. Mtu mzima mwenye kilo 60 amebeba ndani yake kama lita 36 za maji. Theluthi mbili zimo ndani ya chembe hai za mwili, na theluthi moja ipo nje ya chembe hizo. Katika hiyo theluthi ya nje, ni kama lita tatu tu zinazozunguka katika mishipa kama maji ya damu. Maji hayo yote si maji matupu, yana chumvi. Chumvi ya kawaida hukaa zaidi nje ya chembe, nayo potasiamu hukaa zaidi ndani, na figo hufanya kazi usiku na mchana kulinda mpango huo. Sasa mgonjwa wa kipindupindu aliyezidiwa aweza kupoteza hata lita moja kwa saa, maji pamoja na chumvi zake. Anatoa kile kile kinachoushikilia moyo upige. Macho yanazama, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, sauti inakauka, mapigo ya mkono yanapotea. Akili yake mara nyingi bado ni timamu, na hilo ndilo linalowaumiza waliokaa pembeni.

Kipindupindu kilizijua njia za misafara vizuri kuliko mfanyabiashara yeyote. Burton, aliyepita Tabora mwaka 1857, alikikuta Kilwa mwanzoni mwa 1859 kikiua watu hovyo. Miaka kumi baadaye kilirudi. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja wakati huo, alifanya kazi ambayo mimi naiheshimu sana: aliwahoji wasafiri na wafanyabiashara, akafuatilia mlipuko wa 1869 na 1870 kituo kwa kituo, akaonyesha kwamba safari hiyo ugonjwa ulikuja Unguja kutoka bara, ukishuka kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, ukitembea kwa mwendo wa miguu ya wapagazi. Kitabu chake kilichapwa London mwaka 1876. Lakini Christie aliyeifahamu njia ya ugonjwa namna hiyo hakuwa na dawa ya kuuzuia usiue.

Na dawa ilikwishapatikana! Hilo ndilo jambo lililonishangaza nilipoanza kusoma historia hii. Mwishoni mwa 1831 kipindupindu kilipofika Uingereza, kijana mmoja daktari, William O'Shaughnessy, alipima damu ya wagonjwa akakuta imepungukiwa maji na chumvi, akashauri virudishwe. Mwaka uliofuata daktari Thomas Latta wa Leith, huko Uskoti, akathubutu. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama mzee aliyekwisha kukatiwa tamaa. Latta alifungua mshipa wa mkono wake akaanza kuingiza maji ya chumvi taratibu, akimtazama. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha pumzi ikawa nzuri, macho yaliyozama yakarudi, uso ukapata joto, mapigo yakarejea. Katika muda wa nusu saa hivi aliingiza painti sita, kama lita tatu. Mama akasema hana tena maumivu. Latta akaona amepona, akamwachia daktari wa hospitali, akaenda zake. Kutapika na kuhara kukarudi, hapakuwa na aliyeongeza maji mengine, na baada ya saa tano na nusu yule mama alikufa.

Mimi kisa hicho nakisoma kwa macho ya muuguzi. Wengine wanaona ndani yake ushindi wa sayansi. Mimi naona kitanda ambacho kwa saa tano na nusu hapakuwa na mtu wa kuhesabu kilichotoka ili kirudishwe. Latta mwenyewe alielewa hivyo, akasisitiza kwamba maji lazima yarudiwe kila dalili zinaporudi, na wagonjwa wengine baada ya huyo aliwaokoa.

Hata hivyo njia yake iliachwa. Yeye alifariki 1833. Madaktari wengi waliitumia kwa wagonjwa ambao walikuwa wamekwisha kufa nusu, maji hayakuwa safi, hewa iliingia mishipani, na watu walipokufa lawama ikaangukia dripu. Basi ikafunikwa kwa miaka mingi. Mskoti mwingine, David Livingstone, alipata cheti chake cha udaktari Glasgow mwaka 1840, miaka minane tu baada ya Latta, katika nchi ileile. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, jirani na Tabora mjini, mpaka Agosti, akingoja wapagazi. Kisha akaenda kusini akiwa na tumbo bovu la miaka, akihara na kutoka damu, hadi alipofariki kwa Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873. Chuma na Susi na wenzao waliutia mwili wake chumvi, wakauanika juani kama wiki mbili, wakaubeba, na mwezi Oktoba waliupitisha Tabora kuelekea pwani. Huwa nafikiri juu ya chumvi ile. Katika nchi hizi chumvi haikuwa haba. Ya Uvinza ilikuwa bidhaa inayojulikana sokoni Tabora. Ilikuwepo ya kumhifadhi maiti, wala hapakuwa na aliyejua namna ya kuipima kwa ajili ya mtu aliye hai. Sisemi kwamba Livingstone angepona. Alikuwa na maradhi mengi. Nasema tu kwamba maarifa yalikuwepo, yakalala.

Yalilala hata katika Vita Kuu ya Kwanza kwa upande wa watu wetu. Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916, na majeshi ya pande zote yalitembea juu ya vichwa vya wapagazi. Waliokufa kwa kuhara damu, malaria na njaa walikuwa wengi mno kuliko waliopigwa risasi. Huko Ulaya wakati huo dripu ilikuwa imeanza kurudi. Sydney Ringer alikuwa ameonyesha London katika miaka ya 1880 kwamba moyo wa chura huendelea kupiga katika maji yenye chumvi za aina kadhaa kwa vipimo sahihi, wala si katika chumvi moja peke yake. Leonard Rogers huko Calcutta, mwanzoni mwa karne ya 20, alipunguza vifo vya kipindupindu kwa karibu nusu kwa maji ya chumvi ya mshipani. Kilichobaki kuwatisha watu ni homa na kutetemeka baada ya dripu, mpaka Florence Seibert wa Marekani alipogundua katika miaka ya 1920 kwamba chanzo chake ni uchafu wa bakteria unaobaki hata katika maji yaliyochemshwa na kukusanywa kwa mvuke. Miaka ya 1930 Alexis Hartmann akaongeza laktati katika maji ya Ringer kwa ajili ya watoto. Kwa hiyo ile chupa iliyoandikwa Ringa laktati, ambayo kila mama wa Puge anaifahamu kwa kuiona, ni mkusanyiko wa miaka mia moja ya watu kukosea vipimo na kuvisahihisha.

Lakini kwa nchi kama zetu jambo kubwa zaidi halikuhitaji sindano. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba ukuta wa utumbo huivuta chumvi pamoja na sukari, mkono kwa mkono, na maji hufuata. Hata utumbo ulioshikwa na kipindupindu haupotezi uwezo huo. Mwaka 1968, huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash waliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, wakaona mahitaji ya dripu yanapungua sana. Halafu ikaja vita ya Bangladesh ya 1971. Wakimbizi walijazana Bangaon, mpakani mwa India, daktari Dilip Mahalanabis akaishiwa chupa. Akaagiza chumvi na sukari zifungwe katika mifuko ya plastiki na ndugu za wagonjwa wenyewe wawanyweshe. Vifo vilivyokuwa 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Kutoka hapo ndipo zikaja pakiti za ORS tunazogawa zahanati. Aliyekosa pakiti anaweza kuchukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akizidisha chumvi anamdhuru mtoto. Kipimo tena.

Mwaka 1994 sisi wa magharibi tulisikia habari za Goma kila siku kwenye redio. Wakimbizi wa Rwanda walimiminika mwezi Julai, na katika mwezi wa kwanza watu wapatao 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mashirika yalikuwepo na chupa zilikuwepo. Wataalamu waliokuja kutoka Bangladesh walieleza baadaye kwa nini vituo vile havikuwaokoa watu: maji yalipitishwa polepole mno, wengine walipewa maji ya mshipani yasiyofaa, ORS ilitumika kidogo, na watumishi wengi hawakuwahi kuuguza kipindupindu. Katika kituo kimoja cha muda, siku zilizokuwa mbaya, walikufa karibu nusu ya waliolazwa. Mtu akiwa na dripu mkononi! Ndiyo maana hesabu za chupa za pale gengeni hunikera. Chupa inayoning'inia haisemi chochote.

Tulivyofundishwa, mgonjwa aliyekaukiwa kabisa kwa kuhara, mwenye umri unaozidi mwaka mmoja, hupewa mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake: 30 katika nusu saa ya kwanza, 70 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Mtoto wa kilo 10, kwa hiyo, mililita 300 kisha 700. Mchanga chini ya mwaka mmoja hupewa kiasi hichohicho kwa mwendo wa polepole zaidi, jumla ya saa sita. Na mgonjwa wa kawaida wa upasuaji aliyeandikiwa lita moja kwa saa nane? Mrija wa watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita moja. Lita ni matone 20,000, saa nane ni dakika 480, basi ni matone 42 kwa dakika. Muuguzi husimama na saa yake, anasogeza kile kigurudumu kidogo, anahesabu, anasogeza tena. Mgonjwa akikunja mkono tu, hesabu imeharibika. Usiku, taa ikiwa mbovu, unahesabu kwa tochi. Sijui kazi nyingine inayofanana na hii isipokuwa labda ya mtu anayechunga chungu cha pombe ya mtama kisifurike.

Mwaka 2011 ikatoka habari iliyowashtua wengi kazini, na ilitoka hapahapa kwetu Afrika Mashariki. Kathryn Maitland na wenzake, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Teule ya Muheza, waliwafuatilia watoto 3,141 waliofikishwa wakiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Wanaoharisha hawakuhusishwa. Wengi walikuwa na malaria, na wengi walikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Sehemu moja walipewa maji ya mshipani kwa haraka, kama vitabu vya nchi tajiri vilivyoelekeza, na sehemu nyingine hawakupewa kwa haraka. Kila mtu alitegemea maji yataokoa. Katika saa 48, waliopewa kwa haraka walikufa karibu 11 kwa kila 100, na wasiopewa walikufa 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Niliposoma takwimu zile nilimkumbuka mjukuu wa jirani yangu. Alikuwa na miaka mitatu. Ilikuwa miaka kadhaa kabla ya utafiti huo, nikiwa nyumbani kwa likizo, akapelekwa kituo fulani ambacho sina haja ya kukitaja, akiwa na malaria na viganja vyeupe kama karatasi. Nilimkuta jioni ameshawekewa chupa, nayo inakimbia, na bibi yake akaniambia kwa furaha kwamba sasa mtoto anapata maji. Pua zake zilikuwa zinapanuka kwa kila pumzi. Nilimwita aliyekuwa zamu, naye alikuja, akafunga mrija, akanionyesha mwongozo uliobandikwa ukutani, na kweli ulisema alichofanya. Alikuwa kijana mwenye nia njema na wagonjwa wengi. Damu ya kuongezewa haikupatikana usiku ule. Mtoto alifariki kabla ya adhana ya alfajiri. Siwezi kusema ni maji yaliyomuua, maana malaria ile ilitosha kuua bila msaada. Ila bibi yake mpaka leo huwaambia watu kwamba mjukuu wake alikufa kwa sababu nesi alizima dripu, nami sijapata namna ya kumweleza takwimu za Muheza mama mzee aliyefiwa.

Upande mwingine wapo wanaotafuta dripu wakiwa hawana ugonjwa. Baada ya kulima, au baada ya harusi ya siku tatu, mtu anakwenda dukani kutaka "aongezewe nguvu". Mzee mmoja aliuza mbuzi kwa ajili hiyo. Nilimwambia, "Baba, chupa ile ya dekstrosi ina gramu 50 za sukari, ni kama vijiko kumi vya chai. Sahani moja ya ugali ina nguvu kuizidi." Akacheka, akasema, "Mwanangu, ugali hauingii kwenye mshipa." Nikashindwa hoja. Moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka na miguu imevimba, na mtu kama huyo lita mbili za haraka zingeweza kumjaza maji mapafuni akazama akiwa kitandani. Alirudi nyumbani akiwa amenikasirikia, na pesa ya mbuzi ikiwa mfukoni.

Wodini chombo ninachokithamini kuliko vyote ni karatasi yenye safu mbili, kilichoingia na kilichotoka. Kinaandikwa kila kitu: dripu, uji, chai, mkojo, matapishi, choo. Jasho na pumzi huandikwi, lakini unajua kwamba kwa mtu mzima huchukua karibu lita moja kwa siku, na kwa homa huzidi. Asubuhi unajumlisha. Karatasi hiyo ndiyo iliyokosekana kitandani kwa yule mama wa Leith. Na mara nyingi huachwa tupu, kwa kuwa muuguzi mmoja ana wagonjwa 40, hivyo tulijifunza kuwategemea ndugu.

Katika mlipuko wa 1997, ambao nchi nzima ulipata wagonjwa zaidi ya 40,000, tulikuwa na mama mmoja kutoka vijiji vya huku anayemuuguza mumewe. Hakujua kusoma wala kuandika. Nilimpa kikombe cha mililita 200 na jagi la ORS, nikamwomba akumbuke idadi. Hakunijibu. Akafungua upindo wa khanga yake, akatoa karanga, akaweka kopo tupu la maziwa chini ya kitanda. Kila mumewe alipomaliza kikombe, karanga moja ikaingia ndani ya kopo. Kila alipohara, punje ya hindi ikawekwa sakafuni kando yake. Saa kumi na mbili asubuhi nilipokuja na karatasi yangu, kopo lilikuwa na karanga kumi na tisa, na sakafuni palikuwa na punje sita, nne zikiwa zimesogezwa pembeni. Nikamwuliza hizo nne ni za nini. Akasema hizo ni za kabla ya usiku wa manane. Tangu hapo zilikuwa mbili tu.